Siku saba nyuma ya magari ya maksai: kutoka Nauvoo hadi Salt Lake

Siku ya kwanza: Nauvoo, Illinois

Wifi yangu alijifungua salama Jumamosi huko Salt Lake City, mtoto wa kike. Juma la kwanza dada yake yupo naye, zamu ya mama inaanza juma la pili. Mama alitua kwangu Des Moines mwezi uliopita akitokea Kigoma, miguu imevimba kwa kukaa angani, na tangu hapo ameapa kwamba ndege nyingine hapandi mpaka siku ya kurudi nyumbani. "Si kuna barabara? Tupite barabarani." Nikaomba likizo ya siku kumi.

Barabara ya kwenda huko naijua kwa kuisoma tu. Miaka yote niliyoishi Iowa nimepishana na vibao vya kahawia vyenye picha ya gari la kukokotwa na maksai, alama za njia waliyopita Wamormoni, waumini wa kanisa lililoanzishwa na Joseph Smith, kuelekea magharibi. Nilikwisha kujiwekea nadhiri kwamba nikipata sababu nitaifuata yote, toka mwanzo. Ndiyo maana leo asubuhi tumeanza safari ya magharibi kwa kuendesha saa tatu kuelekea mashariki. Mama aliliona jua liko mbele ya kioo akanitazama, lakini hakusema neno.

Nauvoo imekaa kwenye pindo la mto Mississippi. Wamormoni walifika hapa mwaka 1839 wakiwa wamefukuzwa Missouri, ambako gavana Lilburn Boggs alitoa amri mwezi Oktoba 1838 kwamba watolewe jimboni au waangamizwe. Walinunua kinamasi kwa mkopo. Malaria iliwalaza wengi kabla hawajafanikiwa kukikausha.

"Malaria? Huku kwenye theluji?" mama akauliza.

Ndiyo, malaria yenyewe. Bonde la Mississippi lilikuwa nayo miaka ile. Mama alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuwaonea huruma watu hawa kwa namna ambayo historia yangu ya nusu saa haikuwa imeweza kumfikisha.

Mji ulikua hadi watu kama 12,000. Tarehe 27 Juni 1844 kundi la watu wenye silaha lilivamia jela ya Carthage, si mbali na hapa, likamuua nabii wao Joseph Smith pamoja na kaka yake Hyrum. Brigham Young akashika uongozi, na shinikizo la kuwaondoa likazidi. Tarehe 4 Februari 1846, katikati ya baridi, magari ya kwanza yaliteremka mtaa wa Parley hadi mtoni. Wiki tatu baadaye mto uliganda na baadhi wakavuka juu ya barafu.

Tulitembea mtaa huo hadi mwisho wake. Nyumba za matofali mekundu bado zipo, na juu kilimani kuna hekalu jeupe. Lile la kwanza waliendelea kulimalizia hata walipokuwa wakifunga mizigo. Likachomwa moto mwaka 1848. Hili la leo lilijengwa upya na kufunguliwa 2002.

"Nyumba nzuri hizi waliuza shilingi ngapi?"

Nikamwambia wengi waliuza kwa bei ya kutupa, wengine walifunga mlango wakaondoka. Mama akatikisa kichwa. Mwaka 1996 alikuwa anauza dagaa pale Kibirizi wakati wakimbizi wa Uvira na Fizi, Kongo, waliposhuka na mitumbwi. Anakumbuka cherehani ilivyouzwa kwa bei ya sahani ya ugali. "Mnunuzi akijua huna pa kuiweka, haulizi bei," akasema.

Kambi ya kwanza ng'ambo ya mto ilikuwa Sugar Creek. Eliza R. Snow, mshairi aliyekuwa msafarani, aliandika kuwa aliambiwa watoto tisa walizaliwa kambini usiku wa kwanza. Nilimsomea mama sentensi hiyo tukiwa tumeegesha gari.

"Tisa. Na nani aliwakanda hao wazazi?"

Sikuwa na jibu. Mtoto wetu leo ana siku tatu.

Siku ya pili: kusini mwa Iowa

Mvua imenyesha usiku kucha, na nimefurahi, kwa kuwa hadithi ya Iowa ya 1846 ni hadithi ya tope. Maili kama 300 kutoka Mississippi hadi Missouri ziliwamaliza zaidi ya miezi mitatu. Mwaka uliofuata msafara wa Young ulikwenda zaidi ya maili 1,000 kwa muda usiozidi huo sana. Mvua ilinyesha, vijito vikafurika, na magari yakawa yanazama hadi kwenye ekseli. Siku nyingine walipiga maili moja tu, wakalala wanaona moshi wa moto wa jana.

Tumepita kwenye barabara ya changarawe karibu na Locust Creek. Hapo, mwezi Aprili, William Clayton, karani wa msafara, alipokea habari kwamba mkewe Diantha, aliyebaki Nauvoo, amejifungua mtoto wa kiume. Aliandika wimbo wa dini asubuhi ileile, wimbo ambao Wamormoni wanauimba mpaka leo duniani kote. Mama alipenda sana kwamba na yeye alikuwa safarini akiwaza mzazi aliye mbali.

Mahali nilipotaka zaidi kufika ni Garden Grove. Hakuna kitu kikubwa cha kuona: miti, uwanja, kibao. Lakini ndipo penye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko milima yote ya mbele. Walifika hapa mwishoni mwa Aprili 1846 na wakasimama. Wakagawana kazi: hawa wapasue mbao za uzio, hawa wachimbe visima, hawa walime. Wakapanda mamia ya ekari, wengi wao wakijua fika kwamba si wao watakaovuna. Mavuno yalikuwa ya walio nyuma, wale maskini na wagonjwa ambao bado walikuwa Nauvoo wakitafuta hata gurudumu. Kisha wakasonga hadi Mount Pisgah, wakafanya vilevile.

Mama aliteremka akaokota udongo, akaufinyanga. Mweusi tititi. "Hapa hata muhogo ungekubali," akasema, halafu akakumbuka baridi. Mount Pisgah tulikuta makaburi na mnara wa kumbukumbu juu ya kilima. Hatukukaa, upepo ulikuwa mkali na mama ana shingo mbaya.

Siku ya tatu: Omaha, Nebraska

Florence sasa ni kitongoji cha Omaha. Mwaka 1846 iliitwa Winter Quarters, kambi ya kipupwe. Serikali ya Marekani ilikuwa imeomba vijana wao wapatao 500 kwa ajili ya vita na Mexico, nao wakatoka mwezi Julai, wakatembea mpaka San Diego. Mishahara yao ilisaidia sana jamii, lakini mikono ilipungua. Waliobaki walivuka Missouri wakajenga vibanda vya magogo na mahandaki ya udongo kwenye ardhi ya Waomaha, kwa makubaliano na chifu wao Big Elk. Waomaha wenyewe walikuwa wachache, wamebanwa na maradhi na maadui, na wageni hawa walikata miti na kufukuza wanyama wao. Nasema hivyo kwa sababu kwenye simulizi nyingi Waomaha wanatokea mstari mmoja kisha wanapotea.

Karibu watu 3,500 walikuwa hapa mwisho wa mwaka ule. Hakukuwa na mboga. Kiseyeye kikaingia, wao wakakiita mguu mweusi kwa vile miguu ilivyobadilika rangi. Homa na kuhara vikafuata. Walikufa kwa mamia, na wengi walikuwa watoto.

Makaburini kuna sanamu ya shaba ya mchongaji Avard Fairbanks, ya mwaka 1936: mume na mke wamejifunika joho moja, wanatazama chini kwenye kaburi la mtoto wao. Mama alilizunguka polepole. Hakuuliza walikuwa wangapi, swali ambalo huwa haachi kuuliza. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akasema: "Mimi nina wawili Kigoma." Nilijua. Ila ilikuwa mara yangu ya pili maishani kumsikia akiwataja.

Jioni tulimpigia kaka. Mtoto ananyonya vizuri, kitovu bado.

Siku ya nne: bonde la Platte

Siku nzima nyika, mto upande wa kushoto, reli na malori ya barabara kuu ya 80. Nebraska ni ndefu mno.

Aprili 1847 msafara wa kwanza ulipita huku: wanaume 143, wanawake watatu, watoto wawili, na magari zaidi ya 70. Wanawake hao ni Harriet Young, Clarissa Young na Ellen Kimball. Wahamiaji wengine, wa kwenda Oregon, walitumia ng'ambo ya kusini ya mto Platte. Wamormoni walishika kaskazini ili wasigombanie malisho. Kuni hakuna. Walipika kwa kinyesi kikavu cha nyati, ambacho wanawake wa misafara ya baadaye walikiokota kwa aproni.

Mtu wa leo ni Clayton tena. Kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu, na alichoshwa na wenzake waliokuwa wakikadiria umbali kwa macho na kuuzidisha. Tarehe 8 Mei alipima gurudumu la gari moja: futi 14 na inchi 8 mzunguko wake, maana yake mizunguko 360 kamili kwa maili. Akafunga kitambaa chekundu kwenye spoku, akatembea kando yake kutwa akihesabu. Jioni alikuwa na mizunguko 4,070, maili kumi na moja na robo na kidogo. Akarudia siku zilizofuata, hadi Orson Pratt alipobuni mtambo wa meno ya mbao na fundi Appleton Harmon akauchonga, ukawa unahesabu wenyewe. Mwaka 1848 Clayton alichapa kitabu kidogo cha mwongozo: kijito hiki kiko maili ngapi, maji yanafaa, malisho yapo. Kilinunuliwa hata na wasio Wamormoni.

Mama, aliyekaa miaka thelathini nyuma ya mizani ya dagaa, alisema huyo ndiye mtu ambaye angemkopesha.

Chimney Rock tuliuona jua likizama, kidole cha jiwe kimesimama peke yake.

Siku ya tano: Scottsbluff hadi Casper, Wyoming

Rebecca Winters alikufa kwa kipindupindu tarehe 15 Agosti 1852 karibu na hapa Scottsbluff. Alikuwa na miaka 50. Makaburi ya njiani kwa kawaida hayakuachwa na alama, mengine yalipitishiwa magari juu kwa makusudi ili mbwa mwitu wasinuse. Rafiki wa familia, William Reynolds, alichukua ringi ya chuma ya gurudumu, akachonga juu yake jina na umri, akaisimika kichwani pake. Mwaka 1899 wapimaji wa reli waliikuta, na njia ya reli ikapindishwa kumpisha. Mwaka 1995 kaburi lilihamishwa kidogo ili wageni wasigongwe na treni. Chuma bado kipo. Nimekigusa. Mama alisoma herufi kwa kidole, R, E, B, akasali Salamu Maria moja.

Guernsey kuna jambo la kushangaza zaidi, na picha hazilitendei haki. Magurudumu ya maelfu ya magari, ya Oregon, ya California na ya Wamormoni, yameuchimba mwamba wa mchanga hadi kina cha mita moja na nusu. Nilisimama ndani, ukingo ukanifika kifuani. Mama alibaki juu akinitazama, nikawa mfupi kuliko yeye.

Casper palikuwa na pantoni. Juni 1847 Young aliacha kundi dogo la wanaume hapa wavushe wahamiaji wengine mto Platte kwa malipo, mara nyingi unga. Ni ileile akili ya Garden Grove.

Siku ya sita: mto Sweetwater

Leo sikulala vizuri usiku uliotangulia, nilijua tunakokwenda.

Asubuhi tulipita Independence Rock, jabali lenye majina ya wasafiri yaliyochongwa kila upande. Kisha Martin's Cove.

Mwaka 1856 fedha za kuwasafirisha waumini maskini kutoka Ulaya zilikuwa zimepungua, ikaamuliwa watumie mikokoteni ya mikono badala ya magari ya maksai. Watu wa Uingereza na Skandinavia walishuka treni Iowa City, wakapewa mkokoteni, ratili 17 za mizigo kwa mtu mzima, na kuanza kutembea. Misafara mitatu ya mwanzo ilifika salama. Ya James Willie na Edward Martin, jumla zaidi ya watu 1,000, ilichelewa. Mikokoteni yao ilitengenezwa haraka kwa mbao mbichi. Jua na mchanga vikaila ekseli. Walitoka Florence katika nusu ya pili ya Agosti. Levi Savage, aliyekuwa ameijua njia, alisimama kwenye mkutano akawaambia wasiende, wazee na watoto watakufa. Walipopiga kura ya kwenda, alisema atakwenda nao na kuteseka nao. Na alifanya hivyo.

Huko Nebraska msafara wa Willie ulipoteza maksai wapatao 30 usiku mmoja, magunia ya unga yakapakiwa juu ya mikokoteni. Mgawo ukapunguzwa. Tarehe 19 Oktoba theluji ikaanguka.

Hapa wageni wanaruhusiwa kujaribu mkokoteni. Mama aliingia kwenye mikono yake, akaushika kama vijana wa bandari ya Kigoma wanavyoshika yao, akavuta hatua ishirini kwenye mchanga. Akaushusha taratibu.

"Na mtoto yuko juu?"

"Mtoto, mama, au mgonjwa."

Brigham Young alipata habari kwamba bado wako nyikani mwanzoni mwa Oktoba. Aliwaambia watu waliokusanyika Salt Lake kuwa dini yao siku hiyo ni kwenda kuwaleta, na magari ya unga na mablanketi yakaanza kutoka siku mbili baadaye. Naamini wale waliotoka walikuwa mashujaa. Naamini pia kwamba waliowaruhusu watu kuondoka Florence kwa kuchelewa vile walikosa, na sioni kwa nini ukweli mmoja uufunike mwingine.

Tarehe 23 Oktoba watu wa Willie walipanda Rocky Ridge kwenye tufani ya theluji. James Kirkwood, mvulana wa miaka 11, alimbeba mdogo wake Joseph wa miaka minne hadi juu na kuteremka mpaka kwenye moto wa kambi. Alimweka chini, kisha akafa. Asubuhi walizika 13 kwenye kaburi moja. Wawili waliosaidia kulichimba walikufa pia. Msafara wa Martin ulijikinga hapa kwenye kijibonde, na ndio uliopoteza wengi zaidi. Kwa misafara yote miwili waliokufa ni zaidi ya 200.

Nilikuwa nikisimulia huku nikiendesha. Mama akaniambia, "Simamisha gari, mwanangu." Akateremka, akasimama kando ya uzio wa ng'ombe akiwa amejifunika khanga mbili na koti langu. Alirudi baada ya muda akasema tuendelee.

Mgongo wa bara, South Pass, mita 2,260 juu ya bahari, tuliupita bila mama kujua. Ni mpana kama uwanja, hauna jabali wala shimo. Bila tambarare hiyo gari la maksai lisingefika magharibi kamwe.

Siku ya saba: Salt Lake City, Utah

Tulipita Fort Bridger mapema, tukaingia korongo la Echo lenye kuta nyekundu. Maili hizi za mwisho ndizo zilizowatesa wanyama waliokwisha kuchoka. Mwaka 1846 msafara wa Donner, wahamiaji wa kwenda California, ulipoteza zaidi ya wiki mbili ukifyeka vichaka kwenye milima hii. Kuchelewa huko kuliwafikisha kwenye theluji ya Sierra Nevada, na karibu nusu ya watu 87 wakafa. Mwaka mmoja baadaye Wamormoni walipita kwenye njia hiyohiyo iliyofyekwa, wakairekebisha kidogo. Kundi la mbele liliingia bondeni tarehe 22 Julai 1847. Young, aliyekuwa mgonjwa ndani ya gari, aliingia tarehe 24.

Bonde lilikuwa nchi ya Waute na Washoshone, na kwa karatasi lilikuwa la Mexico. Watu waliofukuzwa mara tatu walikuja wakawa wao ndio wanaochukua maji na malisho. Mwaka 1863 wanajeshi wa Marekani waliua mamia ya Washoshone kando ya mto Bear, kaskazini ya hapa. Hadi reli ilipokamilika 1869, wahamiaji wa Kimormoni wapatao 70,000 walikuwa wamekuja.

Pale korongo linapofunguka kuna bustani ya kumbukumbu, na ndani yake sanamu zilizowekwa 2022. Nilimleta mama kwazo bila kumwambia. Alizitazama nyuso.

"Hawa ni sisi."

Green Flake, Hark Wales, Oscar Smith. Walikuwa watumwa, waliotangulizwa na mabwana wao na msafara wa 1847. Green Flake, kijana wa miaka 19, alikuwa miongoni mwa walioingia bondeni tarehe 22, siku mbili kabla ya Young. Utumwa uliendelea Utah kwa sheria ya 1852 mpaka bunge la Marekani lilipoufuta kwenye maeneo yake 1862. Kando yao yupo Jane Manning James na watoto wake. Alizaliwa huru Connecticut, alitembea na ndugu zake mwendo wa maili 800 hadi Nauvoo mwaka 1843, na akafika hapa Septemba 1847. Aliomba baraka kamili za hekaluni maisha yake yote, akafa 1908 bila kupewa. Kanisa liliondoa kizuizi cha Weusi kupata baraka hizo mwaka 1978.

"Ulisema wanaume 143," mama akasema. "Hawa watatu wamo?"

"Wamo, mama."

Akawahesabu tena kwa kidole, mmoja mmoja.

Saa moja usiku tulifika kwa kaka. Jikoni kwake kulikuwa na majirani wawili, mama wa Kikongo na mama wa Kirundi, wanasonga ugali na kubishana Kiswahili kuhusu chumvi. Mama hakukaa. Alimbusu mtoto, akavua koti, akauliza sufuria kubwa iko wapi, na taulo, na kama wifi amekandwa tangu atoke hospitali. Hajakandwa vizuri, wifi akasema.

Maji yalipochemka mama alimkanda kwa muda mrefu, mlango umefungwa. Alipotoka, mikono myekundu, aliichukua kalenda ya ukutani akaweka alama kwenye siku tisa zilizopita, kisha akahesabu kwa sauti mpaka arobaini.

"Bado thelathini na moja," akasema, akarudi chumbani.